Kila Jioni Uzi Mmoja

27 Mei

Nesi Gwenda kaja asubuhi, kambinyabinya Amos nyonga, kamkunja mguu, kamkunjua, kisha akanivuta jikoni na kufunga mlango. Nikajua kuna neno.

"Bi Hetty, mfupa uliunga tangu Aprili. Mumeo haumwi tena. Amegoma."

Nikamwambia hilo hata paka analijua. Hakucheka. Kasema mtu wa umri wa Amos akiendelea kulala hivi, miguu itamkataa moja kwa moja, na mimi kumnyanyua siwezi, mgongo wangu wenyewe haunifai. "Nampa mpaka mwisho wa Julai. Nikimkuta bado kitandani, naandika apelekwe Nyumba ya Wazee kule mjini. Samahani, Bi Hetty, lakini naona unavyokonda."

Amos aliteleza kwenye barafu mwezi wa pili, akienda kupogoa vichaka vyake vya gusberi. Wamembeba kwenye machela, analia kwa maumivu, na bado anauliza nani atamalizia kupogoa. Vichaka hivyo vya miiba nimeolewa navyo pia. Vimenichania mikono, soksi na mashuka ya kwenye kamba. Dada yangu anafunga ndoa kanisani, shemeji yake yuko nyumbani kashika mwavuli, anakinga matunda mvua. Ningekuwa na uwezo ningevitia moto siku nyingi.

Jioni nimempelekea supu nikamweleza yote aliyosema nesi, bila kupunguza, nikitumaini atawaka.

"Sawa," akasema, akageukia ukuta.

Sawa! Mtu anaambiwa atakwenda kufia kwa wageni, anajibu sawa. Nimeshuka na supu yangu, nimeilia jikoni, na machozi yameingia humo humo. Niliporudi kuchukua kijiko, ndipo akaniuliza, uso bado ukutani: "Kichaka cha mlangoni kimezaa?"

28 Mei

Nimeamka na wazo. Chama chao cha gusberi kina sheria zake, na wanazishika kuliko Amri Kumi. Siku moja kabla ya maonyesho mwanachama anachuma tunda lake kwa mkono wake mwenyewe, kichakani, mbele ya mashahidi wawili. Linatiwa kwenye kiboksi, kinafungwa kwa lakiri, halafu kesho yake mizani, na zito kuliko yote linachukua birika la shaba. Si mke wa kumchumia, si mtoto. Usipokuwa na miguu ya kukufikisha kichakani, huna tunda mezani.

Na kichaka cha mlangoni kimezaa kweli. Kuna moja limening'inia tawi la chini, la kijani lenye mistari, tayari limewapita wenzake wote. Nimepanda juu nikamwambia.

Akageuka. Mara ya kwanza tangu Pasaka kunigeukia mimi, si ukuta.

"Kubwa kiasi gani?"

"Njoo uone."

"Usinichezee, Hetty. Kiasi gani?"

2 Juni

Viwavi. Nimewatoa mmoja mmoja kwa kidole, nimewakanyaga, nimejisikia vizuri.

5 Juni

Bwana mkubwa ananiongoza kutoka kitandani kama nahodha. Chumba chetu kinatazama barabarani, kichaka kiko nyuma mlango wa jikoni, hivyo haoni kitu, na hiyo haimzuii kutoa amri. Punguza matunda mengine kwenye tawi lile, liache peke yake linyonye lote. Tegemeza tawi kwa panda za mti. Weka vikopo vya jemu mbali kidogo, nyigu wafie huko. Chimbia samadi, si hapo, pale. Nimemwambia anayejua sana ashuke. Hakushuka, lakini kamaliza mkate na jibini yake.

9 Juni

Leo kaniagiza uzi. Nishike uzi mwekundu wa kushonea, nilizungushe tunda kiunoni taratibu bila kulibana, nikate pale zinapokutana ncha mbili, nimpelekee. Nimempelekea. Kaunyoosha juu ya shuka, kautazama sana, kisha akaubana kwa pini kwenye pazia.

"Kila jioni uzi mmoja," akasema.

13 Juni

Nyuzi zinajipanga kwenye pazia, kila mmoja umeuzidi wa jana kwa upana wa ukucha. Amos kanyoa ndevu.

Nikiwa nje napima, nikasikia mtu anakohoa ng'ambo ya ua wa miti. Reuben Oakes, jirani yetu, fundi saa mstaafu, mwenye kuchukua birika la shaba karibu kila mwaka.

"Shemeji, ukija kuliwekea kisosi cha maji, usikiweke karibu. Joto hili ni baya."

"Ulinisikia nikikuuliza?"

"Sikukusikia."

"Basi."

Simsemeshi na Amos hamsemeshi. Miaka kumi na moja sasa. Mwaka ule Reuben alikuwa shahidi wetu. Amos kachuma tunda la ajabu, birika letu hilo, na bwana huyu akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga, akasema, "Linavuja." Tobo ambalo hata sisimizi asingepita. Tunda linalovuja halipimwi. Birika akalichukua nani? Yeye.

17 Juni

Kakaa! Kakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, mwenyewe! Kashika godoro kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na nilipotaka kumsaidia kanifokea. Kasema anataka kuwa na nguvu za kuinama, maana tawi lile liko chini. Nimetoka nje nikaliambia tunda ahsante. Mimi, Hetty Tunnicliffe, naongea na gusberi.

20 Juni

Joto la kupikia. Mvua hakuna. Amos kaniambia sasa ni wakati wa kulinyonyesha. Unaweka kisosi cha maji chini ya tunda, karibu kabisa na ile ncha yake iliyokauka, lakini pasigusane, livute unyevu. Nimefanya.

22 Juni

Joto. Uzi.

24 Juni

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni nililiona kama limesinyaa kidogo. Nikaingiwa na hofu. Nikajaza kisosi mpaka juu, nikakiinulia kwa tofali ili lisihangaike kutafuta maji, nikaenda kulala nimeridhika na nafsi yangu. Leo asubuhi nimefungua mlango, tunda limepasuka. Limechanika kutoka juu mpaka chini, mbegu nje, nyigu wawili ndani wanakula.

Nikaona tu kichwa cha Reuben ng'ambo ya ua na akili ikaniruka. Nimemwita mwizi, nimemwita mchawi, nimemwita nyoka wa birika. Nimemuuliza amelikata saa ngapi. Watu wa barabarani wamesimama kusikiliza. Yeye kaacha nimalize. Kisha akaegemea ua, akatazama kisosi juu ya tofali, akatazama tunda, akavua kofia.

"Shemeji, limekunywa likashiba likapasuka. Maji yalikuwa yanaligusa."

Nikatazama. Ncha ya tunda ilikuwa ndani ya maji. Nikamfungia mlango usoni, nikakaa sakafuni jikoni na aproni mdomoni ili Amos asinisikie. Mimi. Si Reuben, si jua, si nyigu. Mimi na tofali langu.

Mchana kutwa nimekuwa nikijiandaa kumwambia. Nimepanda na chai, nikamkuta amesimama. Amesimama, kashikilia chuma cha kitanda, magoti yanacheza, anacheka kwa meno yake yote yaliyobaki. "Tazama, mama! Sekunde chache tu, lakini tazama!" Kisha akaanguka juu ya godoro na kuendelea kucheka.

Jioni akaita, "Uzi!"

Nikaingia jikoni. Nikachukua uzi. Nikakata, mrefu kidogo kuliko wa jana. Nikampelekea.

25 Juni

Uzi.

26 Juni

Uzi. Sijaweza kumtazama machoni, kaniuliza kama naumwa tumbo.

30 Juni

Sasa nakata nyuzi zote mbili za kesho na keshokutwa mchana. Namwongopea mume wangu kwa mkasi. Na kila uzi unamwinua. Jumatatu kasimama mpaka chai ikapoa. Jana kafika dirishani. Leo kafika mlangoni mwa chumba, kagusa kitasa, karudi kama aliyetoka vitani. Nesi Gwenda kapigwa na butwaa. "Unampa nini, Bi Hetty?" Nikamwambia supu ya njegere.

Nawaza: akishazoea kutembea, nitamwambia. Wiki ijayo. Atakuwa na nguvu ya kuhimili.

8 Julai

Nimeharibu. Mkasi umeteleza, uzi umetoka mrefu mno, na nilikuwa na haraka nikampelekea hivyo hivyo. Kauweka kando ya wa jana. Akaunyoosha tena. Nikadhani nimekamatwa. Kumbe analia.

"Hetty, hili halijawahi kuwepo. Baba yangu hakuliona tunda kama hili. Hakuna mtu wa chama hiki aliyeliona." Kajifuta kwa pazia. "Niitie Reuben Oakes."

"Reuben? Miaka yote hii..."

"Niitie. Nataka auone huu uzi. Nataka nimwone uso wake."

9 Julai

Nilikwenda kwa Reuben. Kafungua mlango, kioo cha kukuzia bado jichoni. Nikamwambia Amos anamwita. Nikataka kumweleza, nikashindwa, nikasema tu, "Hajui." Kaniangalia. Alikuwepo siku ile, aliliona limepasuka kwa macho yake.

Tumepanda wote. Amos kakaa kwenye kiti, shati safi, na nyuzi zote kazipanga juu ya meza kuanzia mfupi mpaka mrefu. Hakumsalimu.

"Soma," akamwambia.

Reuben kainama. Mtu huyu ameishi maisha yake yote akipima vitu vidogo. Kafuata uzi mmoja mmoja kwa kidole. Alipofika ule wa tarehe ishirini na tatu, wa mwisho wa kweli, kidole kikasimama. Nikashika ukuta. Huyu ndiye aliyemnyima mume wangu birika kwa sababu ya tobo la sindano. Huyu hajui kudanganya, hana hata kifaa chake.

"Ehe?" Amos akasema. "Sema basi. Au umemeza ulimi?"

"Nimeliona, Amos," Reuben akasema. "Nimeliona kwa macho yangu juu ya ua. Ni kubwa kweli."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

Amos alicheka mpaka akakohoa. Reuben kashuka ngazi bila kuniangalia.

10 Julai

Reuben kaniita uani, kwa sauti ya chini. "Mwambie."

"Umeona anavyotembea?"

"Nimeona. Na siku ya kuchuma utamtembeza mpaka wapi? Mpaka kwenye tawi tupu?"

"Sasa kwa nini hukumwambia wewe, bwana mkweli?"

Kavuta majani ya ua, kayachana vipande. "Sikuweza, shemeji. Nilipanda nikiwa na nia. Nikamwona amekonda vile, na shati limepigwa pasi." Akayadondosha majani. "Sijawahi kusema uongo kwa ajili ya gusberi. Sikulala usiku."

Miaka kumi na moja nimemchukia mtu huyu. Sasa ndiye mtu pekee duniani ninayeweza kuongea naye.

15 Julai

Mvua. Imeanza wakati wa chakula, matone makubwa. Amos kachachamaa: "Mwavuli, mama! Mwavuli! Likinyeshewa sasa linapasuka!" Nikasema nakwenda. "Nataka nisikie mlango!" Nikafungua mlango ili asikie. Nikatoka na mwavuli. Nimesimama mvuani, mwavuli nimelishikia tawi lisilo na kitu, mimi mwenyewe nalowa, maana nilijua anahesabu kimoyomoyo na ningerudi mkavu angeniuliza. Reuben alikuwa upande wake anakinga vichaka vyake. Mara akacheka, nami nikacheka, kisha nikalia, na mvua haikuwa na haraka.

16 Julai

Mvua. Mwavuli. Uzi.

17 Julai

Mvua. Mwavuli. Nina mafua. Uzi.

20 Julai

Kafika juu ya ngazi. Kazitazama kama anatazama kisima. "Nitashuka siku ya kuchuma," akasema. "Nitashuka mara moja tu, kwa ajili yake. Sipotezi nguvu kabla."

Kila siku nimesema kesho. Nimekwisha.

25 Julai

Nesi Gwenda kasema anaona maajabu, lakini mtu wa ghorofani tu bado ni mtu wa kubebwa. Ngazi ndiyo mtihani. Atarudi mwisho wa mwezi na ataamua.

27 Julai

Kesho ndiyo kuchuma, na nimeiota mara elfu. Anafika mlangoni, anainama, anatazama tawi, kisha ananitazama mimi. Baada ya hapo sioni kitu tena. Leo nilifungua mdomo wakati namkata kucha. Yeye akaniwahi: "Koti langu la arusi liko wapi?"

Nimelipiga brashi.

28 Julai

Siku ya kuchuma.

Asubuhi Reuben kagonga mlango wa jikoni. Mkononi ana kitambaa cha kufutia saa. Kakifungua juu ya meza. Tunda. Mama yangu, tunda! Lake mwenyewe, la kichaka chake bora, lina kikonyo na jani, na halina doa. Alikuwa ameshalichuma.

"Reuben, umechuma kabla ya mashahidi! Haliwezi kupimwa tena."

"Langu haliwezi. La Amos linaweza." Kanionyesha uzi wa hariri wa kijani, mwembamba kuliko unywele. "Nalifunga kwenye tawi. Chama kimempa Amos mashahidi mimi na Lomas, na Lomas bila miwani haoni hata mke wake. Amos atalishika, atavuta, litakatika. Basi."

"Wakijua, watakufuta chamani. Watakutangaza baani kwenye maonyesho, mbele ya watu wote."

"Najua."

Sikukataa. Naandika hivyo hivyo, sikukataa. Nilimshikia tawi. Vidole vyake vya fundi saa vimefunga lile tunda mpaka mimi niliyeshika tawi sikuona fundo. Limening'inia pale zuri kabisa. Nikavuta pumzi ya kwanza tangu mwezi wa sita, nikapanda kumchukua mume wangu.

Alikuwa amekaa ukingoni, koti la arusi, tai, nywele kazilaza kwa maji. Nyuzi amezikusanya zote mfukoni. Kanishika mkono, kaupigapiga kwa upole, jambo ambalo hana kawaida nalo.

"Hetty, nikwambie kitu, usilie. Birika likishafika mezani hapa, mimi nimemaliza. Mwambie Gwenda aandike barua yake. Wanipeleke huko. Nimekusumbua vya kutosha, na sina tena cha kungojea."

Kasema hivyo anatabasamu. Ana amani. Wiki zote hizi nilidhani namtoa kitandani, kumbe nilikuwa namshonea sanda kwa uzi mwekundu. Na lile tunda zuri pale chini ndilo lingefunga mshono wa mwisho.

Tukaanza ngazi. Kashuka kwa kukaa, ngazi moja moja, mimi mbele yake narudi kinyumenyume. Katikati akapumzika. Ndipo nikasema.

"Amos, tunda halipo."

"Liko wapi?"

"Halipo. Lilipasuka mwezi wa sita. Nyuzi zote baada ya hapo nilizikata kwa kichwa changu."

Kanitazama. Uso wake haukuwa na kitu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikangoja ageukie ukuta. Ngazi ina kuta mbili, alikuwa na uchaguzi.

"Lilipasuka vipi?" akauliza taratibu.

"Nililinyonyesha. Nilikiinua kisosi."

"Kiasi gani?"

"Kilikuwa kinaligusa."

"Kinaligusa?"

"Niliweka tofali."

"Tofali!" Jamani, sauti ile! Nilikuwa nimeisahau. "Mwanamke wewe! Maisha yako yote unanitazama, nimekwambia pasigusane, nimekwambia kwa mdomo huu, unaweka tofali? Tofali! Hata mtoto mchanga humnyweshi kwa kumtia kichwa kwenye ndoo! Na mwavuli? Ulikuwa unakinga nini na mwavuli?"

"Tawi."

"Tawi! Nimekaa pale juu nahesabu matone kama mwendawazimu, na wewe unakinga tawi! Toka njiani!"

"Amos, utaanguka."

"Nianguke! Toka!"

Akashika reli, akasimama. Kashuka ngazi zilizobaki kwa miguu yake, anapiga kila moja kisigino, anataja tofali kila hatua. Mimi nyuma nimenyoosha mikono kumdaka, na hakuhitaji kudakwa. Kapita jikoni. Kafungua mlango kwa teke.

Nje Reuben alikuwa amesikia yote, nusu ya kijiji ilisikia. Alikuwa amechuchumaa kichakani, mashavu yamevimba. Tawi lilikuwa tupu.

"Reuben Oakes! Na wewe ulijua?"

Reuben akatikisa kichwa kukubali.

"Jibu, mtu mzima hovyo! Ulipanda kwangu ukanitazama usoni ukasema umeliona! Jibu!"

Hakuweza kujibu. Mdomo ulikuwa umejaa. Alitafuna, akameza kwa shida, machozi yakamtoka kwa uchachu. "Nilijua," akasema mwishowe. Uzi wa kijani ulikuwa umemnasia kwenye mdomo wa chini. Nikajifanya namfuta jasho nikautoa.

Lomas kaingia na kiboksi chake, mshumaa na lakiri. "Habari za hapa. Kuna tunda, au hakuna?"

Amos akapumua kama farasi. Akazunguka kichaka chote, kashika panda ya mti badala ya mkongojo, akainama. Aliinama mpaka chini, miiba ikamkwaruza koti la arusi, akapekua majani niliyoyapuuza, akatoka na kitu kati ya vidole viwili.

"Hili."

Lomas akalisogeza puani. "Amos, hili hata ndege amelikataa."

"Sheria inasema lazima liwe kubwa?"

"Haisemi."

"Linavuja? Muulize bwana huyu, yeye ndiye mjuzi wa kuvuja."

Reuben akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga. "Halivuji," akasema.

"Basi tia lakiri."

29 Julai

Ukumbi wa baa ulijaa. Mizani ni ile ile ya sonara ya zamani, na matunda yanapangwa kwenye visahani kuanzia zito mpaka jepesi. La Amos limekaa mwisho kabisa, wanaliinamia kulitafuta. Ulipotajwa uzito wake watu walicheka mpaka meza zikatikisika. Amos akasimama, akawainamia kushoto na kulia kama mshindi.

Birika limekwenda kwa mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani. Reuben, kwa tunda lake la akiba, kashika nafasi ya nne, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Umezeeka, Reuben," Amos akamwambia, ana furaha ya wazi kabisa. "Mwaka huu umeishiwa."

"Nimezeeka kweli," Reuben akasema.

Nilifungua mdomo. Nilitaka ukumbi mzima ujue tunda lake liko wapi na limekwendaje huko. Reuben akanikanyaga mguu chini ya meza, akaniagizia bia. Nimeinywa. Wao wawili wamekaa mpaka jioni wanabishana habari za samadi, na mimi Amos hakunipa hata jicho.

30 Julai

Hanisemeshi. Nimemuuliza kama anataka chai, kamwambia paka anataka chai.

31 Julai

Asubuhi kanipita jikoni kama nimechorwa ukutani. Kachukua kisosi, kachukua tofali langu, kanionyesha tofali bila neno, kisha akatoka nje na kuubamiza mlango mpaka vikombe vikalia. Namsikia huko anang'oa kitu na kutukana. Reuben anamjibu ng'ambo ya ua.

Nesi Gwenda kaja mapema, na mkoba wake na karatasi zake. Akapanda juu moja kwa moja. Nilimsikia anafungua mlango wa chumba, kimya, kisha akashuka mbio akiwa amebadilika rangi.

"Bi Hetty! Kitanda kitupu! Mgonjwa yuko wapi?"

"Kaninunia," nikamwambia. "Kaenda zake bustanini."